Kulisoma Ziwa Victoria kwa picha za rada

Picha za kawaida za setilaiti hukutupa siku ile ile unayozihitaji. Kati ya Machi na Mei, maji yakipanda na magugu yakihama kutoka ghuba moja kwenda nyingine, unafungua picha ya Mwanza na kukuta wingu jeupe kutoka Igombe mpaka Misungwi. Rada haijali wingu. Inatuma mawimbi yake yenyewe kutoka juu, yanapenya wingu na giza la usiku, yanagonga chini, na sehemu yake inarudi. Kinachorudi ndicho kinachochorwa.

Mimi nafuga sato kwenye vizimba upande wa Luchelele, na kabla ya samaki nilikuwa kwenye upimaji wa ardhi. Rada naitumia kwa kazi mbili tu: kujua magugu maji yamelala wapi katika Ghuba ya Mwanza, na kuona maji yamefika wapi kwenye mbuga na majaruba ya mpunga. Mwongozo huu ni wa kazi hizo mbili. Rada inaweza makubwa zaidi, kama kupima ardhi inayozama kwa milimita, lakini hayo yanataka kompyuta yenye nguvu na subira ya kusoma, na hayanisaidii chochote magugu yanapokuja kulalia nyavu za vizimba.

Kabla hujagusa kompyuta, elewa kitu kimoja. Kamera hupokea mwanga wa jua. Rada hupima kiasi gani cha wimbi lake kimerejea. Maji shwari hufanya kama kioo: wimbi linakuja kwa mshazari, linateleza na kwenda zake mbele, halirudi kwa aliyelituma. Ndiyo maana ziwa lililotulia hutoka jeusi. Shamba, msitu na mawe hutawanya wimbi kila upande, kwa hiyo kidogo kinarudi, na unapata kijivu. Ukuta uliosimama juu ya ardhi, au ubavu wa meli ya chuma juu ya maji, hulirudisha kwa nguvu sana, na unapata doa jeupe. Basi weusi na weupe haukuambii kitu ni nini. Unakuambia umbo lake, ulaini wake na unyevu wake. Ukishika hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Setilaiti yenyewe

Tunayotumia ni Sentinel-1, ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya. Picha zake ni bure kwa yeyote, hata mfugaji samaki wa Luchelele. Si setilaiti moja. Sentinel-1A ilirushwa tarehe 3 Aprili 2014, 1B ikafuata Aprili 2016. Ile 1B ilipata hitilafu ya umeme Desemba 2021 na haikufufuka. Hapo ndipo sehemu nyingi za Afrika ziliporudi kupata picha kwa nadra zaidi. 1C ilirushwa Desemba 2024 na 1D Novemba 2025. Nakutajia haya kwa sababu ukirudi nyuma kutafuta picha za mwaka 2022 au 2023 utaona mapengo, na utadhani umekosea kubonyeza. Hujakosea.

Zinaruka kilomita 693 juu yetu. Kila moja hurudi juu ya njia ile ile baada ya siku 12. Ukanda wa picha moja una upana wa kilomita 250, ambao ni zaidi kidogo ya umbali wa kutoka Bukoba hadi Musoma kwa mstari ulionyooka. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 5.5 hivi, na hilo nalo ni la kukumbuka, maana wimbi la urefu huo hugonga majani na kuishia hapo. Haliendi mbali ndani ya mafunjo mazito.

Muda wa kupita ni mmoja kati ya miwili: karibu na jua kuchomoza, setilaiti ikishuka kutoka kaskazini, au karibu na jua kuzama, ikipanda kutoka kusini. Saa iliyoandikwa kwenye faili ni ya kimataifa, si yetu. Ongeza saa tatu. Ukiona 03:30 hiyo ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mwanza. Ukiona 16:00 ni saa moja jioni. Usipoongeza utadhani picha ilipigwa usiku wa manane na utajenga hadithi nzima juu ya hilo.

Kufungua picha ya kwanza

Nenda kwenye Copernicus Browser, tovuti ya kuangalia picha hizi, kwa kivinjari chochote na ujiandikishe kwa barua pepe. Simu inatosha kuangalia, ila kwa kulinganisha tarehe mbili tafuta kompyuta, hata ya kuazima. Sogeza ramani hadi Mwanza. Kwenye orodha ya setilaiti chagua Sentinel-1, kisha aina ya upigaji IW, ambayo ndiyo inayotumika juu ya nchi kavu na ziwa letu, na mkao wa mawimbi VV+VH.

Herufi hizo zisikutishe. V ni wimbi lililosimama wima, H ni wimbi lililolala. VV ina maana rada ilituma wimbi la wima na kupokea la wima. VH ilituma la wima ikapokea lililolala, yaani wimbi lililogeuzwa mkao huko chini lilikogonga. Maji hayana kawaida ya kugeuza wimbi. Majani, matawi na mashina hugeuza sana. Kwa hiyo mtu wa magugu anaishi kwenye VH, na VV anaifungua kuuliza habari za uso wa maji.

Chagua pia upande wa setilaiti: ya kupanda au ya kushuka. Chagua mmoja na ukae nao. Ukilinganisha picha ya asubuhi iliyopigwa kutoka mashariki na picha ya jioni iliyopigwa kutoka magharibi, vilima vya Bugando na Isamilo vitaonekana vimehama, na utatangaza mabadiliko ambayo hayapo. Kilele cha mlima kiko karibu zaidi na setilaiti kuliko kitako chake, hivyo kwenye picha kinalala kuelekea ilikotoka rada, na nyuma yake panabaki kivuli cheusi. Kivuli hicho si bwawa. Programu hujitahidi kunyoosha jambo hili kwa kutumia ramani ya miinuko, lakini kwenye miteremko mikali ya mawe hubaki alama.

Mwisho, kwenye orodha ya maonyesho, chagua VH kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya wimbi lililorudi. Hii hubana tofauti kubwa za nguvu ya wimbi ziingie kwenye macho ya binadamu. Namba zake ni hasi. Kadiri inavyozidi kushuka ndivyo wimbi dogo zaidi lilivyorudi.

Anza na sehemu unazozijua kwa miguu

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na mimi nasisitiza msiharakishe. Kabla ya kutafuta magugu, tumia jioni nzima kuangalia vitu ambavyo tayari unavijua.

Tafuta uwanja wa ndege wa Mwanza. Njia ya kurukia ndege ni mstari mweusi, mweusi kama ziwa lililo jirani yake, kwa sababu lami laini hutelezesha wimbi kama maji yanavyofanya. Kuanzia leo hutamwamini mtu anayesema kila cheusi ni maji. Mchanga mkavu wa ufukweni nao unaweza kutoka mweusi, ukala mpaka wa ziwa.

Sogea katikati ya mji. Igogo, Mabatini, Kirumba, kote kumejaa kuta na mabati, kwa hiyo kunang'aa. Utashangaa kwamba baadhi ya mitaa inang'aa sana na mingine, yenye nyumba zilezile, ni kijivu tu. Ni mwelekeo wa kuta. Zikitazamana na rada moja kwa moja hung'aa. Zikikaa kwa pembe, wimbi hukimbilia kwingine. Kwenye vilima vyetu ambako kila mtu kajenga kuelekea anakotaka, ni mchanganyiko mtupu.

Kisha shuka kusini hadi Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 hivi, na kwenye rada utaweza kuona si mstari mmoja mweupe bali miwili au hata mitatu inayokwenda sambamba. Hakuna madaraja matatu. Wimbi moja lilipiga daraja na kurudi moja kwa moja. Jingine lilipiga daraja, likashuka kwenye maji, ndipo likarudi. La tatu lilizunguka zaidi. Kila mzunguko huchukua muda mrefu kidogo, na rada, ambayo hujua umbali kwa kuhesabu muda, huuchora mbali kidogo. Fungua picha za miaka ya nyuma na utaona nguzo zikiota majini moja baada ya nyingine. Kwangu mimi hilo ndilo somo bora kuliko yote, kwa sababu jibu unalijua tayari.

Meli nazo ni nzuri kwa mazoezi. MV Mwanza ina urefu wa mita 92.6, kila nukta ya picha hizi ni mita 10, hivyo unapata doa la nukta tisa au zaidi kidogo likiwa limesimama bandarini. Likiwa safarini kuna kituko: mwendo wake huichanganya rada, na meli huchorwa pembeni ya mkia wake wa povu, kana kwamba imeruka njia. Mitumbwi ya mbao ya dagaa usiitafute. Ni midogo mno.

Magugu

Sasa kazi. Kwenye VH, maji ya Ghuba ya Mwanza ni meusi na zulia la magugu maji ni kijivu hadi jeupe, lenye kingo za ghafla upande mmoja na kingo zilizochanika upande mwingine. Upande wa ghafla ndio uliobanwa na upepo. Vipande vidogo vidogo vya upana wa mita 10 au 15 havitaonekana au vitazama ndani ya chengachenga. Hizo chengachenga, yaani nukta nyeupe na nyeusi zilizotapakaa kote, si uchafu wa kompyuta wala si mvua. Hutokea kwa sababu ndani ya nukta moja kuna vitu vingi vinavyorudisha mawimbi, na mawimbi hayo mara yanasaidiana, mara yanauana. Usisome nukta moja. Soma eneo.

Weka picha ya leo na ya siku 12 zilizopita kwenye sehemu ya kulinganisha na uvute pazia kushoto na kulia. Kilichohama ni kinachoelea. Kilichobaki palepale mwezi hadi mwezi ni mafunjo au matete yaliyoshika ardhi, au ni vizimba. Vizimba vyenye fremu ya chuma hujipanga kama safu ya nukta nyeupe zilizonyooka kuliko kitu chochote cha asili, na ukishajua vyako vilipo huvichanganyi tena. Magugu jamii ya salvinia, madogo na yanayolala juu ya maji, hayana mashina marefu ya kugeuza wimbi kama yale ya zamani yenye maua ya zambarau. Nayapa nafasi ya kuonekana hafifu, na ninayatafuta pia kwenye picha za kawaida za Sentinel-2 siku wingu likipasuka.

Adui mkubwa hapa ni upepo. Maji yaliyochafuka hayatelezeshi wimbi tena. Hulirudisha, na kwenye VV ghuba nzima inaweza kung'aa kuliko magugu yenyewe. VH huvumilia upepo zaidi, lakini haivumilii kila kitu. Dalili ya upepo ni mng'ao mpana usio na kingo, wenye milia, unaofifia nyuma ya kisiwa au rasi inayokinga. Magugu hayafifii namna hiyo. Mvua kubwa ya radi nayo, ile inayokuja kutoka ziwani alfajiri, huacha mabaka ya duara juu ya maji kwa jinsi matone na upepo wake unavyopiga uso. Wingu rada imelipenya, lakini ziwa lililo chini ya wingu limekwisha kuchafuka.

Kumbuka pia kwamba picha ya asubuhi ni ya asubuhi. Usiku upepo wa nchi kavu husukuma kuelekea ziwani. Mchana wa ziwani huingia. Zulia ulilolikuta katikati ya ghuba kwenye picha ya saa kumi na mbili na nusu linaweza kuwa limefika kwako kabla ya chakula cha mchana. Kijana anayelinda vizimba vyetu huniambia, "Dada, hiyo picha yako inajua yalikolala, mimi najua yanakokwenda." Tunafanya kazi pamoja: mimi namwambia yapo kiasi gani na upande gani, yeye anatazama mawimbi na kuamua kama tunasogeza mtumbwi na kamba za kuyazuia.

Maji kwenye mbuga na majaruba

Maji yanapopanda, kama yalivyopanda mwaka 2020, picha mbili zinatosha: moja ya kiangazi, moja ya leo, za njia ile ile. Kilichokuwa kijivu kikawa cheusi ni maji mapya yaliyo wazi. Kwenye VV mimi huanza na mpaka wa desibeli -16, chini yake nahesabu ni maji, na kwenye VH -22, kisha nasogeza juu au chini mpaka ufukwe ninaoujua ukae mahali pake. Namba hizo si sheria. Hubadilika kwa upepo na kwa pembe ya rada, ndiyo maana ulihitaji ile jioni ya mazoezi.

Mpunga una mambo yake. Jaruba lililotoka kujazwa maji ni jeusi. Miche ikisimama, wimbi hupiga maji, hupanda kwenye mashina na kurudi, na shamba huanza kung'aa kadiri linavyokua. Mtu asiyejua atasema maji yamekauka, kumbe yapo chini ya mpunga. Hali kadhalika mafunjo ya mdomo wa Mto Simiyu: yakifurika, pale yasipokuwa mazito sana, yanaweza kung'aa kwenye VV kuliko yakiwa makavu. Kwa hiyo kwenye uoto uliosimama majini, tafuta weupe ulioongezeka, usitafute weusi.

Na hapa niseme jambo ambalo watu huniletea nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Majirani wakigombana kuhusu mita hizo, mmoja huja akitaka nimtolee picha ya rada imtetee. Mita 60 ni nukta sita, na uwezo halisi wa picha kutenganisha vitu ni mita 20 hivi, achilia mbali mchanga mkavu unaojifanya maji. Mzee mmoja nilimjibu, "Shikamoo baba, hii inafaa kwa mbuga nzima, haifai kwa uzio wako. Mwite mpimaji na vifaa vyake." Hakufurahi, lakini ndivyo ilivyo.

Ukitaka kupakua

Kwa kazi hizi mbili huhitaji. Faili moja la aina ya GRD linaweza kufika gigabaiti nzima au zaidi, na bando la wiki linaondoka nalo. Hifadhi tu picha ya eneo lako kutoka kwenye kivinjari. Ukilazimika kufanya hesabu za eneo kwa hekta, programu ya SNAP ya kuchakata picha za rada ni bure, na mpangilio wa kazi ni huu: weka faili sahihi la njia ya setilaiti, ondoa kelele ya joto ya mtambo, sawazisha nguvu, punguza chengachenga, nyoosha kwa ramani ya miinuko, ndipo ugeuze kuwa desibeli. Hatua ya chengachenga ifanye kwa mkono mwepesi. Ukizidisha, unafuta pia vipande vya magugu ulivyokuja kuvitafuta. Baada ya hapo ihamishie QGIS, programu ya ramani.

Jina la faili limebeba karibu kila kitu. S1A au S1C mwanzoni ni setilaiti ipi, IW ni aina ya upigaji, 1SDV ni kwamba VV na VH zote zimo, kisha mwaka, mwezi, tarehe, herufi T na saa. Usilibadilishe ukaliita "magugu mpya" halafu "magugu mpya 2".

Na ukiituma picha kwenye kundi la wavuvi au wafugaji, andika juu ya picha yenyewe, si chini yake, maana maneno ya chini hupotea ikisambazwa: tarehe, saa ya Mwanza, VV au VH, ya kupanda au ya kushuka. Chora duara kwenye sehemu unayoisemea na uweke jina la mwalo ulio karibu. Picha ya rada isiyo na tarehe ikizunguka siku tatu kwenye simu za watu, kuna atakayesogeza vizimba vyake kukimbia magugu yaliyokwisha kuondoka.